Mfalme Gani, Mwalimu?

Ukurasa wa sayari naujua hata nikifumba macho. Upande wa kushoto kuna jua lililokatwa nusu, halafu mipira minane imepangwa mstari kama nyanya za mama wa sokoni, kila mmoja na jina lake chini. Niliukuta Uvira kwa Kifaransa nikiwa mwanafunzi, nikaufundisha kwa Kifaransa nilipokuwa mwalimu, na nilipofika Kakuma nikakuta umenitangulia, safari hii kwa Kiingereza na Kiswahili. Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, na zile mbili za mwisho ambazo kila karatasi inaziita vyake. Mtoto anakariri, mwalimu anapiga tiki, kipindi kimeisha.

Sisemi majina hayana kazi. Lakini Jumamosi moja kwenye kikundi chetu cha kusoma niliuliza swali la kijinga: sayari ni nini? Watoto ishirini na kitu, wote wanaweza kuzitaja nane bila kuvuta pumzi, wakanyamaza kimya. Kisha kijana mmoja wa Darfur, aliyeanza shule kwa Kiarabu, akacheka peke yake. "Ticha, sayari si ni gari?" Wenzake wakamzomea. Na kumbe alikuwa sawa kuliko sisi wote. Kwa Kiarabu sayyara ni gari, kwa sababu neno lenyewe maana yake ni kitu kinachokwenda. Watu wa kale walitazama anga usiku baada ya usiku, wakaona karibu nyota zote hazibadilishi majirani, ila chache zinahama. Hizo wakaziita zinazotembea. Wagiriki walifanya vilevile, na planète ya Kifaransa imetoka huko. Sayansi tuliyoipata kwenye lile gari ilizidi ya ule ukurasa wa nyanya.

(Najua kuna msomaji anangojea niseme sayari ni mkimbizi. Sisemi. Sitiari hiyo tuwaachie wanaoandika ripoti za wafadhili.)

Ndipo nikaamua kuweka karatasi kando na kusoma hadithi. Niliyochagua ni Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri ya Kiswahili ya Le Petit Prince ya Antoine de Saint-Exupéry, iliyotolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Nakala ilikuwa moja. Mimi nasoma kwa sauti, wao wanasikiliza, halafu kitabu kinapita mkono kwa mkono ili wote waone picha. Tulikisoma wiki nyingi. Wengi wamekisifu kitabu hiki, na sina haja ya kuwaongezea sifa. Ninachotaka kuandika ni kile kilichotokea kiliposomwa kwa Kiswahili, mbele ya watoto wetu, na mahali niliposhindwa mimi.

Tatizo lilianza kwenye jalada. Kifaransa kinasema petit prince, na prince anaweza kusimama peke yake, hahitaji mtu. Kiswahili hakina neno hilo. Kinasema mwana wa mfalme, na hapo umeshaleta watu wawili ndani ya chumba. Mwandishi wa Kifaransa hakumweka mfalme baba popote katika hadithi yake. Mtoto anaishi peke yake kwenye jiwe lake dogo liitwalo B 612, na volkano tatu, na ua moja, na hakuna anayeuliza amezaliwa na nani. Kwa Kifaransa nilikisoma mara tatu na swali hilo halikunijia. Kwa Kiswahili lilikuja kabla sijafungua ukurasa wa kwanza. Msichana mmoja wa Fizi, anayeishi hapa na shangazi yake, aliangalia picha ya yule mtoto na mtandio wake akauliza, "Mfalme gani, mwalimu? Baba yake iko wapi?"

Nikasema tutaona mbele. Uongo wa kwanza.

Aliuliza tena wiki ya pili. Wiki ya tatu tukafika pale mtoto anapoanza kuzunguka zile asteroidi zilizo jirani na kwake, kuanzia namba 325 mpaka 330, na wa kwanza kumkuta ni nani? Mfalme. Amekaa kwenye kiti chake, joho limejaa jiwe zima. Yule msichana aliruka. "Njo baba yake uyu!" Na darasa zima likasogea mbele. Mwandishi hakukusudia hili hata kidogo. Kwake ule ni mzaha juu ya watu wazima wanaopenda kuamuru. Lakini katika Kiswahili, kwa sababu ya jina la kitabu tu, ile sura imekuwa sura ya mtoto kumwona baba. Mfalme anamtazama anayekuja na kufurahi kwamba amepata mtu wa kumtawala. Hamuulizi jina. Hamuulizi ametoka wapi. Anapoona mtoto anataka kuondoka, anampa cheo cha uwaziri, kisha cha ubalozi. Nilisoma mpaka mwisho, nikainua macho, nikaona yule msichana amejiegemeza ukutani. "Si yeye," akasema. Ikawa basi.

Je, watafsiri walikosea? Nimeligeuzageuza swali hili. Wangeweza kusema mtoto wa kifalme, na baba angepungua nguvu kidogo. Wangeweza kuazima prinsi, neno lililo baridi kama bati. Naona walichagua vizuri, na sidhani walijua wamefungua nini. Kiswahili kinakulazimisha useme mtu ni wa nani. Mwana wa nani, wa kwa nani, ametoka kwa nani. Kitabu kinachosifiwa kwa upweke wake kimeingia katika lugha ambayo haijui kumwacha mtoto bila wazazi, na kwa watoto wanaosikiliza hapa jambo hilo si la sarufi.

Sasa mseme hayo yanahusu nini na anga. Nakuja.

Mfanyabiashara wa asteroidi namba 328 anahesabu nyota. Amefika milioni mia tano na kitu, na anasema zote ni mali yake kwa kuwa ndiye wa kwanza kufikiria kuzimiliki. Mzungu akisoma anacheka. Watoto wangu hawakucheka, kwa sababu kwa Kiswahili nyota inaweza kuibiwa. Nani hajaona vibao vya waganga kwenye nguzo, kusafisha nyota, kurudisha nyota? Mvulana mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi yake alisema nyota ya baba yake iliibiwa, ndiyo maana mambo yao yaliharibika. Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kusema huo ni ushirikina, tuendelee. Ya pili ni ile niliyoifuata, nayo ilikuwa kuuliza: nyota ya bibi na nyota ya huyu mfanyabiashara ni kitu kimoja? Tukatengeneza safu mbili ubaoni. Nyota ambayo ni bahati ya mtu. Nyota ambayo ni jua la mbali, gesi inayowaka, na mwanga wake unasafiri miaka kabla ya kukufikia. Neno moja, vitu viwili. Tukaongeza la tatu, mnajimu, kwa sababu walikuwa wamemchanganya na mwanafalaki: mmoja anakuambia bahati yako redioni, mwingine anapima umbali. Yule mvulana aliinakili safu ya pili yote, kisha akaniuliza kama nyota ya kwenye safu ya pili inaweza kuibiwa. Nikamwambia haiwezi. Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Hili ndilo ninaloona vitabu vya shule vinalikwepa. Vinaleta maneno ya anga kana kwamba mtoto hakuwa na neno lolote la anga kabla ya kuingia darasani. Anayo tele, na mengine yanabishana na sayansi. Usipoyaita yakae mbele, yanabaki nyuma yakicheka.

Mwanafalaki mwenyewe yupo kitabuni, Mturuki. Aliiona B 612 kwa darubini mwaka 1909, akaitangaza kwenye mkutano, hakuna aliyemwamini kwa sababu ya mavazi yake. Kisha dikteta wa kwao akaamuru watu wavae Kizungu, adhabu ni kifo. Mwaka 1920 yule mtu akarudi na suti na maneno yaleyale, wakamwamini wote. Saint-Exupéry anapita hapo haraka, anawacheka wakubwa na kuendelea na safari. Watoto hawakupita. Wao wanajua koti linaloazimwa nyumba kwa nyumba siku ya mahojiano. Mmoja akauliza ni wangapi waliouawa kwa ajili ya nguo. Kitabu hakijibu, na hapo nadhani mwandishi anadaiwa.

Deni lingine ni la mibuyu. Kwenye kile kisayari kidogo, miche ya mibuyu lazima ing'olewe kila asubuhi, la sivyo mizizi itakipasua. Sawa, ni fumbo, na huenda aliwaza vita vya Ulaya. Lakini alichukua mti wa Afrika akaufanya adui, na mimi ninasoma haya Turkana, mahali ambapo watu wamegombana kwa ajili ya kuni na kila mti una mwenyewe. Watoto walikataa kabisa kuuchukia mti unaozaa mabuyu, zile pipi nyekundu za dukani zinazopaka ulimi rangi. Sikuwalazimisha.

Pale kitabu kinapofundisha kwa kweli ni kwa mwasha taa, namba 329. Kisayari chake kinajizungusha mara moja kila dakika, basi anawasha taa, anazima, anawasha, hana usingizi. Tulizima taa ya sola, tukachukua tochi na chungwa. Mtoto mmoja anashika tochi, yeye ni jua, hatakiwi kusogea. Mwingine anazungusha chungwa, na kwenye chungwa tumechomeka kijiti, huyo ndiye mwasha taa. Asubuhi ni pale kijiti kinapoingia kwenye mwanga. Magharibi ni pale kinapotoka. Hapo saa ya Kiswahili ikanisaidia kuliko nilivyotegemea. Mimi nimekulia saa za Kifaransa, na nilipofika Kenya saa moja asubuhi ilinichosha kichwa. Sasa naiona akili yake. Hapa tulipo, karibu na ikweta, jua halibadilishi sana muda wake mwaka mzima, kwa hiyo watu walianza kuhesabu saa pale linapochomoza na kuanza upya pale linapozama. Saa yetu ni ule mzunguko wa dunia, mtoto anautaja kila siku bila kuambiwa kwamba ni somo.

Msichana mmoja Msomali alikuwa akipiga hesabu pembeni. "Mwalimu, huyo mtu ataswali saa ngapi?" Swala tano kwa dakika moja. Na Ramadhani? Siku thelathini, dakika thelathini; mwezi mzima unakwisha kabla chai haijapoa. Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Kisha nikawaambia kwamba swali hilo limeshaulizwa na watu wakubwa kwa makini kabisa. Oktoba 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda kwenye kituo cha anga cha kimataifa, ikawa Ramadhani, na kituo hicho kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, yaani jua linachomoza karibu mara 16 kwa siku moja yetu. Wanazuoni wa kwao walimwandikia mwongozo wa namna ya kuswali huko. Yule msichana hakusema kitu, lakini kutoka siku hiyo alikaa mbele.

Niliandika pia matini fupi mwenyewe, ili wasidhani Kiswahili kinakwenda angani kwa tafsiri tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta miali ya eksirei itokayo mbinguni. Kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru, waliipa jina Uhuru. Ni yenyewe iliyosaidia watu kushuku kwamba kitu kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Somo la ngeli likajitokeza lenyewe: Uhuru ulirushwa, au Uhuru ilirushwa? Walibishana kipindi kizima. Wa Kenya walisema setilaiti ni i-, uhuru ni u-, na jina likivaliwa na chombo linafuata chombo. Wa Kivu walisema acheni, uhuru ni uhuru. Mmoja akauliza uko wapi sasa. Ilibidi niseme uliungua ukirudi kwenye angahewa mwaka 1979. "Kumbe," akasema.

Sasa nifike nilikokuwa naogopa kufika.

Mwisho wa kitabu, mtoto anataka kurudi kwenye kisayari chake, na mwili wake ni mzito, hawezi kuubeba. Anapatana na nyoka wa jangwani amuume. Rubani anaona anaanguka taratibu kama mti unavyoanguka kwenye mchanga. Nilisoma mpaka pale kwenye kisima, mtoto na rubani wanapokunywa maji, nikafunga kitabu nikasema, basi, akarudi kwao. Nilijiambia ni kwa ajili yao. Hapa nyoka si fumbo. Kila mmoja wao anajua mtu aliyeumwa. Na wengine wanajua zaidi ya nyoka.

Wiki iliyofuata mvulana wa miaka kama kumi na mitatu, yule ninayempa kazi ya kutunza kitabu, alikuja mapema. Alikuwa amekisoma. "Mwalimu, ulitufichaka nyoka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha noti bandia uliyompa.

Nimesoma maoni mengi ya watu wanaosema kitabu hiki si cha watoto kwa sababu ya mwisho wake. Nilikuwa mmoja wao kwa wiki moja. Tulisoma sura zile mbili siku hiyo, polepole, naye ndiye aliyesoma, akigeuza sentensi kuwa Kiswahili cha Kivu kila alipoona wadogo hawafuati. Rubani anasema kulipokucha hakuuona mwili wa mtoto, na anaona ndani yake dalili kwamba amefika kwake. Watu wazima tunaishika sentensi hiyo kwa mikono miwili. Watoto waligawanyika. Baadhi walisema hajafa basi. Mmoja mkubwa kidogo akasema, "Asipoonekana ni mbaya zaidi. Unangojea." Hakuna aliyembishia. Mimi pia sikuwa na la kumwambia, na sikutafuta.

Niliwasimulia juu ya mwandishi, kwa kuwa walitaka kujua. Kwamba kitabu hakukiandika kwao. Ufaransa ilikuwa imeshikwa na Wajerumani, yeye alikuwa New York, na huko ndiko kilikochapishwa mwaka 1943. Kwamba alirudi vitani na ndege yake, na tarehe 31 Julai 1944 akapaa na hakurudi. Mabaki ya ndege yalipatikana baharini karibu na Marseille mwaka 2000, na mwaka 2004 ikathibitishwa ni yake. Mwili wake haujatambuliwa mpaka leo. Yule aliyesema "unangojea" alipiga hesabu. Miaka sitini kujua ndege tu.

Jina la kisayari cha hadithi limekwisha kupewa jiwe la kweli. Asteroidi namba 46610, iliyoonwa na Wajapani wawili mwaka 1993, inaitwa Bésixdouze, yaani B-sita-kumi-na-mbili kwa Kifaransa, kwa sababu ukiandika 46610 kwa hesabu ya kumi na sita, ile wanayotumia watu wa kompyuta, inatoka B612. Walilipenda hilo wale wa hesabu. Lakini yule msichana wa Fizi alikuwa bado na swali lake, lilelile la jalada, na safari hii nilikuwa nimejiandaa kidogo.

Kuna asteroidi nyingine, nikamwambia, ni ya zamani kwa kujulikana, inaitwa Eugenia, kwa jina la mke wa mfalme mkuu wa Ufaransa, Napoléon III. Mwaka 1998 wataalamu wenye darubini huko Hawaii waliona kwamba ina mwezi wake mdogo unaoizunguka. Wakauita Petit-Prince. Walikumbuka kitabu, lakini walimkumbuka pia mtoto wa yule mama, mwana wa mfalme wa kweli kabisa, aliyekufa vitani Afrika Kusini mwaka 1879, mbali na kwao.

Akafikiri. "Iyo Eugenia njo mama yake?"

"Ndiyo. Ni mama yake."

"Na yeye anamuzungukaka kwa siku ngapi?"

Chini kidogo ya siku tano, nikasema. Ilikuwa Jumamosi jioni. Akahesabu kwa vidole, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, akafika Alhamisi, akaikunja mkononi.